Namna ya kumpata fundi salama wa tatuu ya nyusi na midomo hapa Mbeya

Nina saluni ya kusuka Mwanjelwa, mwaka wa 14 sasa. Sichori tatuu ya nyusi. Hata hivyo haipiti wiki mteja hajakaa kwenye kiti changu akauliza yaleyale: Dada, nyusi za kudumu nikafanye kwa nani? Zinauma? Huyu wa laki moja na yule wa laki tatu wana tofauti gani? Wengine wananipigia kutoka Tukuyu, Makambako, hadi Iringa. Nimeona niandike kila kitu sehemu moja, mtu akisoma awe na pa kuanzia.

Nina sababu yangu pia. Mwaka 2021 nilimsindikiza mdogo wangu kwa fundi aliyekuwa amepanga chumba cha lodji kwa siku mbili. Nilikaa mlangoni nikichati. Sikuona sindano ikifunguliwa, na yeye hakuona kwa sababu alikuwa amefumba macho. Nyusi zilipopona zikawa za kijivu chenye bluu, na hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni ile miezi mitatu ya kwenda kupima, kusubiri, na kupima tena, maana hakuna kati yetu aliyeweza kusema kama sindano ile ilikuwa mpya. Majibu yalikuwa salama. Lakini usingizi tulioukosa mimi na yeye ndio uliofanya mwongozo huu uanzie kwenye sindano na si kwenye uzuri wa picha.

Kwanza ujue unachokwenda kufanyiwa

Iwe ni kile kiwembe kidogo cha kuchanja mstari mmoja mmoja kama unywele (maikrobledi), au mashine yenye sindano inayotia rangi kama pauda, kazi ni ileile: ngozi inatobolewa na wino unaingizwa ndani. Damu hutoka, hata kama ni kidogo. Kwa hiyo hii si mekapu. Ni kidonda kilichochorwa vizuri, na wino wake hukaa mwaka 1 hadi 3, wakati mwingine zaidi, ukififia polepole.

Penye damu panaweza kuwa na VVU, homa ya ini B na homa ya ini C. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kubaki hai kwenye kifaa kikavu kwa siku 7 au zaidi. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu ya kuwa makini zaidi ya wengine: katika utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 hadi 2023, Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyokuwa na kiwango cha juu cha maambukizi nchini. Hilo lisikufanye umwogope mteja aliyekutangulia. Likufanye uidai sindano mpya bila aibu.

Uwe na haya kabla hujaanza kutafuta

- Wiki 10 hadi 12 kabla ya shughuli yako. Nyusi huchukua wiki 4 hadi 6 kupona, halafu kuna kikao cha pili cha kujazia palipofifia, kwa kawaida wiki ya 6 hadi ya 8. Anayeolewa Desemba aanze Septemba. Kwenda wiki moja kabla ya sendofu ni kujipeleka ukumbini na magamba usoni.
- Fedha ya vikao vyote viwili. Uliza mapema kama cha pili kimo ndani ya bei.
- Karatasi yenye dawa zote unazotumia na magonjwa uliyonayo.
- Mtu mmoja wa kukusindikiza, ambaye kazi yake itakuwa kuangalia mikono ya fundi. Simu yake ikae kwenye pochi.

Wa kusubiri au kuacha kabisa

Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Mwenye kisukari kisichotulia, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na aliyetumia vidonge vya chunusi vya isotretinoini miezi ya karibuni, waanzie kwa daktari. Mwenye makovu yanayovimba (keloidi) naona aache. Jikague: tobo la sikio, kovu la chanjo begani, mshono wa upasuaji. Kama kimojawapo kiliinuka na kupanuka kupita kidonda chenyewe, na nyusi zinaweza kufanya hivyo.

Sasa mkorogo. Nalisema hili kwa upendo kwa sababu nawaona wengi. Krimu za kung'arisha zenye steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba. Ngozi hiyo ikichanjwa inatoka damu nyingi, wino haushiki, na kidonda kinachelewa kupona. Kama unapaka, mwambie fundi ukweli, na usifanye chochote mpaka umeacha na ngozi imetulia. Ukiwa umepaka kwa miaka, usiache ghafla peke yako. Muone daktari akusaidie kuacha.

Hatua kwa hatua

1. Kusanya majina matatu. Anza na watu ambao nyusi zao umeziona kwa macho yako, kwenye kwaya, kikoba, ofisini. Uzuri wa mji wetu ni kwamba watu wanajuana. Muulize dada aliyefanya: ana muda gani tangu afanye, alirudi kikao cha pili, na fundi alipokea simu baada ya kulipwa? Jibu la swali la mwisho lina uzito kuliko yale mawili.

2. Omba picha za nyusi zilizopona. Picha ya siku ileile hudanganya bila hata mtu kukusudia, kwa sababu siku ya kwanza kila mstari ni mkali na mweusi. Taka picha ya baada ya wiki 6, ya mtu mwenye ngozi kama yako, kwenye mwanga wa mchana, bila kichujio. Mistari ya kiwembe kwenye ngozi ya mafuta hutawanyika na kuungana, kwa hiyo kama uso wako hung'aa mafuta saa sita mchana, tafuta picha za kazi ya mashine ya pauda. Fundi mwenye picha za siku ya kwanza tu, ama ni mgeni katika kazi, ama hataki uone zilivyoishia.

3. Nenda kuangalia kabla ya kutuma kishika nafasi. Pita siku ya kawaida, salimia, sema umekuja kuuliza. Tazama: kuna maji yanayotiririka na sabuni? Kitanda kinatandikwa karatasi mpya kwa kila mteja? Kuna sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano kama la zahanati? Kama sindano zinaingia kwenye ndoo ya taka pamoja na nywele, ondoka. Aliyepanga chumba kimoja nyuma ya duka akawa na vyote hivi ni bora kuliko mwenye kioo kikubwa na taa za rangi asiye navyo.

4. Muulize kuhusu sindano. Hapa usiharakishe. Sema hivi, kwa adabu: "Dada, samahani, naomba unionyeshe sindano unazotumia na namna unavyozifungua." Anayefanya kazi safi atafurahi. Akikuonyesha pakiti, itazame mwenyewe:

Iwe imefungwa pande zote, haijalowa, haijatoboka. Iwe na tarehe ya mwisho wa matumizi ambayo haijapita, na namba ya toleo. Tafuta neno STERILE; mara nyingi linafuatwa na EO, yaani iliuliwa vijidudu kwa gesi, au R, kwa mionzi. Tafuta pia alama ya tarakimu 2 ndani ya duara iliyokatwa kwa mstari. Maana yake ni moja tu: isitumike mara ya pili. Kiwembe cha maikrobledi na katriji ya mashine (kile kichwa chenye sindano) vyote ni vya mtu mmoja, siku moja.

Akikuambia "huwa nazichemsha", shukuru, uende. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, hata 100 hayafiki. Kifaa cha chuma kinachorudiwa, kama koleo, kinatakiwa kupita kwenye mashine ya mvuke wenye shinikizo, otoklevu, inayofanya kazi kama presha kuka: nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 30. Kile kisanduku chenye taa ya bluu kilichojaa kwenye saluni zetu, hata yangu, ni cha kutunzia vitu vilivyokwisha kusafishwa. Hakiui kila kijidudu. Spiriti na jiki vinasafisha meza na kitanda. Havigeuzi sindano iliyotumika kuwa mpya.

Usisahau wembe. Kabla ya kuchora, fundi hunyoa vinyweleo vya pembeni, na watu wanaokagua sindano vizuri hupitishiwa wembe wa jana. Nenda na wa kwako uliofungwa.

5. Uliza alijifunza wapi, kwa muda gani, na nani alimsimamia. Leseni ya biashara ukutani inaonyesha kwamba ameruhusiwa na halmashauri kufanya biashara. Haionyeshi kwamba anajua kushika sindano. Cheti cha urembo cha VETA ni kitu kizuri, lakini muulize kama kuchora nyusi kulikuwamo katika mafunzo hayo au alijifunza kwingine. Cheti cha siku mbili chenye muhuri wa dhahabu kisikutishe. Muulize alifanya nyuso ngapi akiwa anasimamiwa, na alifundishwa nini kuhusu kuzuia maambukizi. Mtu aliyefundishwa anaeleza kwa maneno yake mwenyewe, bila kukwama.

6. Uliza wino. Chupa iwe na jina, viambato, tarehe na namba ya toleo. Chupa isiyo na lebo, au wino uliochanganywa na maji ya bomba, hapana. Umoja wa Ulaya ulianza Januari 2022 kuweka mipaka kwa maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu na mekapu ya kudumu, kwa hiyo wino uliotengenezwa kufuata masharti hayo ni dalili njema. Mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, kwa upande wake, haijaidhinisha wino wowote kwa ajili ya kuingizwa ndani ya ngozi. Ukisikia "wino huu umethibitishwa, hauna madhara kabisa", ujue unauziwa maneno.

Kwa ngozi zetu, nyeusi tii ni mtego. Wino wenye kaboni nyingi hufifia kuelekea bluu au kijivu. Ule wa madini ya chuma huelekea wekundu au chungwa. Fundi mzoefu huchanganya kahawia kufuatana na ngozi yako. Midomo ni ngumu zaidi: mingi ina weusi wa asili, na pinki ikiwekwa moja kwa moja juu yake hutoka zambarau ya kufifia. Anayejua ataanza kwa kusawazisha weusi kwa rangi ya kichungwa, na atakuambia mapema kwamba kikao kimoja hakitoshi. Kwa wanja wa kudumu wa pembeni ya kope, ushauri wangu ni usifanye. Sindano na dawa ya ganzi karibu na mboni ni hatari isiyolingana na faida yake.

7. Muulize: "Ni kitu gani kingekufanya unirudishe nyumbani leo?" Nyamaza, usikilize. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Fundi mzuri atataja bila kufikiri sana: mimba, keloidi, chunusi mbichi kwenye nyusi, mafua makali, vipele vya homa mdomoni, mkorogo, harusi ya Jumamosi hii. Ambaye hajawahi kumkatalia mtu atacheka aseme, "Mimi namfanyia yeyote, usijali." Huyo mwache. Nimeona wateja wakichukia kukataliwa na kwenda kwa mwingine, na ni yule aliyewakatalia aliyekuwa anawapenda.

8. Fanya jaribio la aleji. Wino kidogo nyuma ya sikio, subiri siku 1 hadi 2. Halizuii kila kitu, maana aleji ya wino inaweza kuja hata miezi baadaye, lakini lina faida. Kama uliwahi kuwashwa au kuvimba kwa piko au dawa nyeusi ya nywele, mwambie. Na kama hupata vipele vya homa mdomoni, usifanye midomo kabla ya kuonana na daktari. Sindano huviamsha, na kuna dawa ya kutumia kabla.

9. Siku yenyewe. Kula kwanza. Usinywe pombe tangu jana yake. Mchoro uchorwe kwa penseli na kupimwa, kisha uuangalie umekaa wima, siyo umelala, kwa sababu uso ukilala hubadilika. Piga picha. Usiporidhika, afute. Hakuna sindano kabla hujasema ndiyo.

Krimu ya ganzi iwe na lebo inayoonyesha kiwango cha lidokaini, na isipakwe eneo kubwa wala kufungwa nailoni kwa muda mrefu. Ikizidi mwilini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Sindano ifunguliwe mbele yako. Piga picha ya pakiti yake. Wino umiminwe kwenye kikombe kidogo, na unaobaki umwagwe, usirudi chupani. Mpini wa mashine na waya wake vifunikwe nailoni mpya.

Halafu simu. Hapa ndipo wengi huharibu. Fundi ana glovu, simu inaita, anapokea, anarudi usoni kwako na glovu zilezile. Msindikizaji wako aseme hapohapo: "Dada, tunaomba ubadilishe glovu." Si utovu wa adabu.

Kuhusu mafundi wa mzunguko

Kila msimu wa harusi anakuja fundi kutoka Dar au kutoka ng'ambo ya Tunduma, siku mbili Mbeya, siku mbili Njombe, siku moja Iringa, kishika nafasi kwa simu. Wapo wenye kazi safi sana kati yao. Lakini jiulize: wiki ya 6 atakuwa wapi? Kidonda kikileta usaha siku ya 5, nani atakitazama? Ukiamua kwenda, apangishe saluni yenye maji na sefti boksi, siyo kitanda cha lodji, na akupe kwa maandishi tarehe ya kurudi kwa kikao cha pili. Asipoweza kuandika tarehe, usitume hela.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kurudi nyumbani kwa bodaboda Agosti au Septemba, vumbi lote likiishia kwenye kidonda. Chukua bajaji au teksi. Kubandua magamba kwa kucha. Wino hutoka nayo na kuacha mapengo. Kupaka mafuta ya kupikia, dawa ya meno au majivu. Kuinamia moshi wa kuni siku za mwanzo. Kulowesha nyusi kabla hujaruhusiwa. Siku 7 hadi 10 kuogelea na jasho jingi ni marufuku, na jua la shambani lizuiwe kwa kofia pana.

Mambo yakienda tofauti

*Nyusi ni nyeusi mno wiki ya kwanza.* Subiri. Zitabambuka, zitaonekana kama zimepotea wiki ya 2 au ya 3, kisha rangi itarudi kiasi. Usihukumu kabla ya wiki ya 6.

*Wekundu unapanuka baada ya siku ya 3, kuna joto, usaha au homa.* Nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo. Usimpigie fundi akuelekeze dawa.

*Una shaka sindano haikuwa mpya.* Usisubiri. Nenda kituo chenye huduma za VVU ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ina faida. Eleza kilichotokea, omba dawa za kinga za PEP. Hutumiwa kwa siku 28. Uliza pia chanjo ya homa ya ini B. Utapimwa siku hiyo na kurudia baadaye. Mimi na mdogo wangu hatukujua kuhusu saa 72. Tulikwenda siku ya 6.

*Jicho linauma, linatoa machozi au linaona ukungu.* Idara ya macho, leo. Kwa walio karibu, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

*Ngozi inainuka na kuwasha wiki au miezi baadaye.* Inaweza kuwa keloidi au aleji. Daktari wa ngozi, mapema, kabla haijakua.

*Umbo ni baya au rangi imegeuka.* Usikubali kuongezewa wino wa rangi ya ngozi juu yake ili kuficha. Wino huo huwa na titani, na ukipigwa leza baadaye unaweza kugeuka mweusi. Hata wino wa madini ya chuma hufanya hivyo. Usipake ndimu wala tindikali. Leza ya kufuta tatuu inahitaji vikao kadhaa na mtu anayejua kuitumia kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo uliza hospitali kwanza. Kwa sasa wanja wa kawaida utakusitiri.

*Unakwenda kupigwa picha ya MRI.* Waambie wahudumu kwamba una tatuu usoni. Mara chache sana wino wenye chuma huleta joto au uvimbe.

*Fundi hapokei simu na ameumiza watu.* Nenda ofisi ya kata ukamuulize afisa afya, ukiwa na picha ya pakiti ya sindano, picha za uso wako tangu siku ya kwanza, na ujumbe wa malipo. Kama mlikuwa wawili au watatu kwa fundi huyohuyo, nendeni pamoja.